Panda Mrithi Kabla ya Kushika Msumeno

Wanangu na wajukuu wangu wa Matinyani, hapa Kitui,

Nasema nanyi mnaokaa stejini mkingoja abiria, nanyi mnaouza nyanya na maembe kando ya njia, nanyi ambao kila mti ukitajwa mnaitwa mje na msumeno wa injini. Oktoba iko karibu. Nthwa, mvua yetu ya vuli, ikija hutanguliza upepo, na upepo huo ndio unaotuonyesha mti upi umeoza ndani wakati sisi tumeuegemezea pikipiki. Mimi ni mmoja wa wazee ambao chifu hutuuliza neno kabla mti wa njiani haujakatwa, na mwaka huu nataka niseme neno hilo mapema, mkiwa bado mna nafasi ya kulifanyia kazi.

Neno lenyewe ni moja. Mti wa barabarani ukaguliwe kila mwaka, ukatwe siku inapostahili, na mrithi wake awe amekwisha kushika mizizi kabla msumeno haujanguruma. Anayekata bila kupanda ametuondolea hatari moja akatuletea jua, vumbi na mmomonyoko. Naye anayekataa kukata hata mti uliokwisha kufa, kwa kuwa anaupenda au anaogopa lawama, anauachia upepo uchague siku na uchague mtu.

Nianze na sababu ya kuupenda mti. Sisi tuna mvua mbili kwa mwaka, na kati yake kuna miezi ambayo jua halina huruma. Mama anayetoka kisimani na mtungi mgongoni, mtoto anayerudi nyumbani kutoka shule, mwendesha bodaboda aliyeishiwa petroli: wote hao hupumzika chini ya mti ambao hawakuupanda. Mjohoro hupunguza vumbi linaloingia jikoni kila lori likipita. Muuku hutandaza matawi yake tabaka juu ya tabaka, na chini yake mikutano mingi imefanyika ambayo haikuwa na ukumbi. Mizizi hushika kingo za mtaro zisimeguke hadi kalvati ikabaki inaning'inia. Barabara isiyo na mti hata mmoja humchoma mtembea kwa miguu, na mvua ikija hubomoka upesi.

Sasa tazameni tunavyoutendea mti huo huo. Nendeni steji yoyote mkauchunguze. Shina limepigiliwa misumari: mmoja wa kutundikia koti la mvua, mwingine wa bango la mganga, na mingine imeachwa na mabango ya wagombea wa uchaguzi uliopita. Waya wa kufungia kibanda ulizungushwa zamani, na sasa gome limeumeza na shina limebanika. Fundi wa pikipiki humwaga oili chafu papo hapo. Mwenye kuchoma mahindi ameweka mafiga yake juu ya mizizi, na jioni takataka za soko huchomwa upande uleule, siku baada ya siku, hadi gome la upande huo limekuwa jeusi na kupasuka. Kisha greda hupita kuchonga mtaro na kukata mizizi ya upande wa barabara. Baada yake huja mchimba njia ya bomba la maji, akakata iliyobaki. Mti huo ukianguka tunasema umeangushwa na upepo. Upepo ulikuwa wa mwisho tu katika foleni.

Kwa hiyo nasaha ya kwanza haigharimu hata shilingi: acheni kuuua mti mnaoutegemea. Ng'oeni misumari, kateni waya, simikeni nguzo ya mabango kando. Mafiga yahamishwe, takataka zitafutiwe shimo lake. Na mchimba mtaro akija, mmoja wenu asimame naye. Mizizi mingi ya mti haiko chini sana kama tunavyodhani. Imo katika udongo wa juu, hadi kina cha goti au paja, nayo hutambaa kupita mwisho wa kivuli cha matawi. Anayechimba hatua mbili tu kutoka shinani anakata sehemu kubwa ya kinachoushikilia mti. Mwambieni apite mbali zaidi, na asipoweza, achimbe kwa mkono na kupitisha bomba chini ya mizizi minene bila kuikata.

Nasaha ya pili: jifunzeni kuukagua mti. Kazi hii ifanyike Agosti au Septemba, kabla ya mvua, na ifanywe na watu wawili au watatu ili mmoja akipitiwa mwenzake aone.

Anzeni chini. Uyoga unaoota shinani, au kuvu ngumu inayotokeza kwenye gome, ni dalili kwamba mti unaliwa kwa ndani hata kama majani yake ni ya kijani. Tazameni udongo. Mkiona umeinuka na kupasuka upande ulio kinyume na mti unakolalia, mizizi imeanza kung'oka, na hapo hakuna kungoja wiki ijayo. Mti ulioinama tangu ujana wake, ncha yake ikanyooka kulitafuta jua, umekwisha kujizatiti. Ule ulioinama mwaka huu, au baada ya mvua moja kubwa, ndio wa kuogopwa.

Pandisheni macho hadi kwenye panda. Mahali shina linapogawanyika mara mbili, angalieni kama vigogo vimebanana kwa pembe nyembamba na gome limenaswa katikati. Hapo ndipo mti hupasuka, na dalili ya mapema ni ufa mwembamba unaotoa utomvu au maji meusi. Juu zaidi tafuteni matawi makavu na yale yaliyovunjika yakanaswa na mengine. Tawi moja kavu likidondoka kutoka juu linatosha kuua mtu.

Kisha gongeni shina kwa kisogo cha shoka. Shina zima hutoa sauti fupi na nzito, lenye uwazi hurudisha mwangwi. Lakini uwazi peke yake hauuhukumu mti kifo. Mibuyu ya nyanda za chini kuelekea Mutomo na Kibwezi ina mashimo ya kuingia mtu na bado imesimama. Kwa miti ya kawaida, wataalamu hutumia kipimo hiki: chukueni umbali kutoka katikati ya shina hadi gomeni, na ikiwa mbao nzima iliyobaki ni chini ya theluthi ya umbali huo, mti umekaribia kuvunjika.

Wala msihukumu kwa majani. Mukau hupukutisha majani kiangazi, na muuku vilevile. Mgeni mwenye msumeno akifika Septemba ataona miti iliyokufa kila upande, naye atataka kazi. Kwangueni gome la kitawi kwa ukucha. Mkikuta kijani kibichi chini yake, mti u hai unangoja mvua. Mkikuta kahawia kavu, tawi baada ya tawi, basi kweli umekwisha.

Nasaha ya tatu: pimeni hatari kwa kumtazama aliye chini. Mti uliooza ukingoni mwa mto, ndani ya shamba, ambako hapiti mtu, uacheni. Nyuki na ndege wana haki yao. Mti uleule ukiwa langoni mwa shule, juu ya steji au sokoni, hauwezi kungoja. Nilipata kuona tawi nene la mkaratusi likianguka mchana wa jua kali, pasipo upepo wowote, likafunika benchi ambalo wanafunzi wa shule moja walizoea kukalia. Mikaratusi ina tabia hiyo ya kuangusha matawi wakati wa joto na utulivu. Wakati mwingine dawa ni kuhamisha benchi, maana steji inaweza kusogezwa hatua ishirini bila gharama, lakini mti wa miaka hamsini hausogei.

Nasaha ya nne ni ya kupogoa, kwa kuwa miti mingi inayokatwa ilistahili kupogolewa tu. Kuna desturi mbaya ya kuukata mti kichwa ukabaki nguzo. Watu huona wamepunguza hatari. Machipukizi yanayotoka pale hushikiliwa na gome na mbao ya juujuu tu. Yakinenepa kwa miaka michache huanza kumeguka moja moja, na maji yanayoingia kwenye kile kisiki huozesha shina kuelekea chini. Hatari mliyodhani mmeiondoa hurudi ikiwa kubwa zaidi, na safari hii imejificha.

Tawi nene hukatwa mara tatu. Mkato wa kwanza uwe upande wa chini wa tawi, kama futi moja kutoka shinani, usizidi theluthi ya unene. Wa pili utoke juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, hadi tawi lianguke bila kuchuna gome la shina. Wa tatu uondoe kigutu kilichobaki, ukipita nje tu ya ule uvimbe unaozunguka chimbuko la tawi. Uvimbe huo ndio unaofunga kidonda, kwa hiyo msiukate, wala msiache kigutu kirefu mbele yake. Msipake rangi, oili wala samadi, maana mti hujifunga wenyewe. Kwa mara moja msiondoe zaidi ya robo ya majani yake, wala msipunguze upande mmoja tu mkaacha uzito wote ukielemea barabarani.

Nasaha ya tano: mti wa njiani una mwenyewe. Sheria ya Barabara za Kenya ya mwaka 2007 iliunda mamlaka tatu: KeNHA ya barabara kuu za kitaifa, KeRRA ya barabara za mashambani na KURA ya barabara za mijini. Chini ya Katiba ya 2010 serikali za kaunti nazo zina barabara zake. Basi jueni kwanza njia hiyo ni ya nani. Pelekeni habari kwa chifu au naibu wake, naye aifikishe kwa wenye barabara na kwa Huduma ya Misitu ya Kenya, KFS. Andikeni ni mti gani, uko wapi, una dalili zipi na nani hupita chini yake, kisha mwambatanishe picha. Malalamiko ya stejini huishia stejini, bali barua yenye picha na tarehe humfuata afisa hadi mezani. Kuni na mbao nazo hazisafirishwi kiholela, kwani KFS hutoa kibali cha kuzisafirisha.

Mti ukiwa karibu na nyaya za umeme, msiuguse kabisa. Iteni Kenya Power. Tawi bichi likigusa waya hupitisha umeme, na aliye juu ya ngazi ya chuma hapati nafasi ya kujuta.

Hapa nataka tusemezane wazi kuhusu kishawishi cha makaa. Januari 2018 Gavana Charity Ngilu alipiga marufuku biashara ya makaa na mchanga wa Kitui. Mwezi uliofuata serikali ya kitaifa ikasimamisha ukataji katika misitu ya umma na ya jamii, na zuio hilo Rais Ruto alitangaza kuliondoa Julai 2023. Marufuku huja na kuondoka. Gunia la makaa linabaki na bei yake. Ndiyo sababu mti mzima wenye afya njema huitwa hatari asubuhi, na jioni umekuwa tanuri porini. Liwekeni hili liwe kanuni ya kijiji: anayetangaza kwamba mti ni hatari asiwe yeye anayechukua kuni zake. Kwa idhini ya wenye barabara, kuni ziende kwenye jiko la shule, au mbao ziuzwe hadharani barazani na fedha zinunue miche. Mkiifuata kanuni hiyo miaka miwili, mtashangaa jinsi miti ya hatari ilivyopungua Matinyani.

Siku ya kukata ikifika, pasiwe na haraka wala ushujaa. Kwanza tazameni kama kuna nyuki. Kitui ni nchi ya asali, na mti wenye uwazi mara nyingi una wenyewe. Mkiangusha kundi la nyuki barabarani mchana, watakaoumwa ni watoto na punda waliofungwa, wasioweza kukimbia. Mwiteni mrina asali aliyezoea, awahamishe usiku. Wekeni watu wenye bendera nyekundu pande zote mbili za njia, mbali kiasi cha dereva kuweza kusimama. Msikate siku ya soko, wala siku ya upepo. Mdomo wa kuelekeza mti ukatwe upande unakotakiwa kuangukia, kamba ifungwe juu, na mwenye msumeno awe ameichagua njia ya kukimbilia kabla hajaiwasha injini. Aliyekunywa akae nyumbani.

Sasa nifike kwenye kiini, ambacho ni mrithi.

Mti mkubwa haufi kwa siku moja. Unapoanza kudhoofika, mara nyingi bado una miaka kadhaa ya kusimama, na miaka hiyo ndiyo muda wa mche kukua. Pandeni sasa, hatua kadhaa kando ya mzee, mahali ambapo kivuli chake hakimbani mtoto na ambapo mzee akiangushwa hatamponda. Atakapoondoka, kivuli kingine kitakuwa kimekwisha kupita vichwa vyenu. Tunachofanya leo ni kinyume: tunakata, tunasikitika, tunapanda, mche unakauka, tunasahau.

Tazameni Bungi, Unguja. Huko ipo barabara iliyopandwa miembe pande zote mbili katika karne ya 19, kazi inayohusishwa na Bi Khole, bintiye Sayyid Said. Wageni huenda kuishangaa, na ni haki yao. Lakini miti iliyopandwa wakati mmoja huzeeka wakati mmoja, na panapoanguka mwembe wa umri ule hubaki pengo ambalo mche hauwezi kuliziba ila baada ya miaka mingi. Sisi tupande kwa zamu, michache kila nthwa, ili njia yetu iwe na watoto, vijana na wazee kwa pamoja, na kusiwe na mwaka ambao yote inatuaga.

Tena msipande aina moja. Vidukari vya misaipresi vilipoingia Kenya mwaka 1990, nyua zilizopandwa mti huo peke yake zilikauka mstari mzima. Changanyeni. Muuku unatufaa, mbao yake haipendwi na mchwa na kivuli chake ni kipana. Mkwaju hukua polepole, lakini huvumilia kiangazi na kumwachia mjukuu matunda. Mwarobaini huota hata pale mingine ilipokataa. Mukau hukua upesi, mbao yake ni ya thamani, na majani yake ni chakula cha mbuzi wakati nyasi zimekwisha. Kituo cha Kitui cha KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya, kimeufanyia mukau utafiti kwa miaka mingi kwa kushirikiana na shirika la JICA la Japani, na kuanzia 2012 mashamba ya mbegu bora yalianzishwa Tiva na Kibwezi. Mbegu yake ni kaidi. Kokwa lazima ipasuliwe, mbegu iliyo ndani ichanjwe kidogo na kulowekwa, ndipo ikubali kuota. Asiyejua kazi hiyo anunue miche kwa anayejua. Mkaratusi na mukima msiisogeze barabarani. Ule wa kwanza mmeshasikia tabia yake, na wa pili matawi yake huvunjika upesi kwa upepo.

Mahali pa kupanda ni jambo kubwa kuliko aina. Mche ukae nyuma ya mtaro, upande wa shamba, kamwe usiwe kati ya mtaro na lami. Bodaboda ikiteleza, shina lililo ukingoni ndilo linaloua. Kwenye kona na njia panda pabaki wazi, dereva aweze kuona anayekuja. Msipande chini ya nyaya wala juu ya kalvati. Na kabla ya kuchimba, waombeni wenye barabara wawaonyeshe bikoni za mpaka ziliko. Anayepanda ndani ya hifadhi ya barabara bila kuuliza amempandia mwenye tingatinga.

Kisha tumieni maji ya barabara yenyewe. Wakulima wa Kitui na Makueni wamezoea kuyakinga maji yanayotiririka njiani na kuyaelekeza mashambani. Fanyeni vivyo hivyo kwa mche: shimo pana, la kina cha futi mbili, udongo wa juu uliochanganywa na samadi urudishwe chini, na ukingo mdogo wa udongo uyapokee maji yanayotoka mtaroni. Juu tandazeni nyasi kavu, zisiguse shina. Zungushieni miiba, kwani mbuzi wa Matinyani hasomi kibao cha kukataza.

Lakini hata shimo zuri haliulindi mche usio na mlezi. Mche wa watu wote ni mche wa mtu yeyote, naye mtu yeyote hana mtungi. Kila mche upewe mji, yaani boma, au steji. Mwenye shamba linalopakana na njia aupande ukingoni mwake, uwe mali yake, matunda na majani yawe yake, naye kwa haki hiyo aumwagilie. Steji iwe na mti wake, na zamu ya maji iandikwe palepale mnapoandika zamu ya abiria. Mlango wa shule uwe na miti ya darasa.

Msidhani nawaonea. Wangari Maathai, ambaye dunia ilimpa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004, alianza na miche saba iliyopandwa katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, tarehe 5 Juni 1977, na si yote iliyodumu. Alichofanya ni kuendelea, na kuwapa akina mama wa vijijini miche wailee na kuwalipa kidogo kwa ile iliyoshika. Tarehe 13 Novemba 2023 serikali ilitupa siku ya mapumziko tukapande miti, na lengo lililotangazwa ni miti bilioni 15 ifikapo 2032. Ni jambo jema, na Novemba kwetu ndio mwezi wenyewe. Serikali na ihesabu miche iliyopandwa. Nyinyi hesabuni iliyofika Oktoba ya pili.

Mtaambiwa kwamba maendeleo yakija mti hauna neno. Msikubali upesi, wala msikatae upesi. Barabara ya Nairobi Expressway ilipokuwa ikijengwa, mti mkubwa wa mugumo wa Westlands, kando ya Waiyaki Way, uliokadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka mia moja, ulikuwa katika hesabu ya kuondolewa. Watu walipiga kelele, na Novemba 2020 Rais Uhuru Kenyatta akaamuru uachwe. Barabara ilikamilika na mti ukabaki. Kumbe msanifu akiulizwa mapema, penye mti mmoja wa thamani njia hupinda kidogo. Penye mti uliooza, hata wenye mapenzi nao wakubali. Mugumo ule ulipata rais wa kuusemea. Mjohoro wa steji yenu hautapata rais. Una nyinyi tu, na kabla ya kuusemea ni lazima muwe mmeukagua, mjue kama mnatetea mti mzima au mzigo unaongoja kudondoka.

Wazee wetu walikuwa na mathembo, vichaka vya matambiko ambavyo hakuna aliyethubutu kuvitia shoka. Heshima ile ilihifadhi miti mingi. Siwaambii mrudi kwenye matambiko. Nawaambia mchukue kilichokuwa ndani yake: kwamba mti wa watu wote haukatwi na mtu mmoja kwa tumbo lake, na kwamba wapo waliokabidhiwa kuutazama. Mwethya, kazi yetu ya pamoja, bado tunao. Tulichimba matuta kwa mwethya, tukajenga madarasa kwa mwethya, basi hata mashimo ya miche hayatushindi. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Basi kabla ya nthwa, kila steji ichague mti mmoja iukague kwa njia niliyoeleza. Kila mji unaopakana na njia uchimbe shimo moja. Shule zifanye hesabu ya miti iliyo malangoni mwao, ziipeleke kwa chifu kwa maandishi. Mkiupata mti uliokufa kweli, njooni mniambie, nitatoka na fimbo yangu tuuzunguke pamoja, na nikiridhika nitasema neno langu mbele ya chifu. Ila mnionyeshe kwanza mrithi wake alipo, na nikute ardhi yake ina unyevu. Mkija na msumeno peke yake, mtanikuta nyumbani nikinywa chai, na hapo hapo mtaniacha.